Mpiga Gitaa Mlangoni Petu

Ipo hadithi moja ambayo haichakai. Kijana maskini mwenye kipaji cha muziki anampenda binti wa tajiri. Tajiri anamkataa, anamtukana, pengine anatafuta hata kumwua. Kijana anateseka, anaimba, anapata sifa. Na mwisho penzi linashinda. Hadithi hiyo imesimuliwa kwa lugha nyingi na kwa vyombo vingi: kwa zeze, kwa santuri, kwa sinema, na siku hizi kwa tamthilia za televisheni zinazoingia sebuleni mwetu kila jioni. Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi ilivyoingia katika nyumba yetu hapa Singida kwa njia mbili, kwa kioo cha televisheni na kwa mlango wa mbele, na jinsi ilivyotulazimisha kujiuliza kama yale tuliyoyafundisha kwa miaka mingi juu ya usawa wa binadamu tulikuwa tukiyaamini sisi wenyewe.

Kazi yetu ilikuwa ualimu. Tulizaliwa katika tembe, katika kijiji kimoja cha Wanyaturu, tukachunga ng'ombe kabla ya kushika kalamu. Baadaye tulifundisha Kiswahili na siasa, tukastaafu, tukajenga nyumba ya bati mjini Singida, mahali ambapo mtu akisimama uani huliona Ziwa Singidani na majabali yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga kwa mkono. Si nyumba ya kitajiri. Lakini ina sebule, ina televisheni, na kitinda mimba wetu ni muuguzi mwenye cheti na mshahara wa mwezi. Kwa kipimo cha mji wetu, ndugu msomaji, sisi ni watu waliofika.

Mwaka juzi mshenga alibisha hodi. Alikuwa mzee mwenye heshima zake, akiwa na barua ya posa iliyofungwa katika kitambaa cheupe. Tulimkaribisha, tukaulizana habari za mvua na za bei ya alizeti, kisha tukafika kwenye jambo lililomleta. Kijana aliyemtuma ni yatima wa baba. Mama yake anauza vitunguu sokoni, vitunguu hivi vinavyoupatia mkoa wetu sifa hata Dar es Salaam. Tukauliza kazi ya kijana.

"Anapiga gitaa na kinanda, Mwalimu," akajibu mshenga. "Harusini, kanisani, na katika sherehe za ofisi."

"Hayo tumeyasikia, mzee wetu. Tunauliza kazi yake."

Mshenga alinyamaza, akakitazama kikombe chake cha chai. Tulimwambia kwa adabu zote kwamba tumepokea barua na kwamba tutawaita. Mtu yeyote aliyelelewa katika mila zetu anajua kwamba neno hilo lina maana mbili. Sisi tulikusudia ile ya pili. Ikapita miezi mitatu, hatukuwaita. Binti yetu hakusema neno. Aliendelea kwenda zamu na kurudi, kutuandalia maji ya kuoga na kutuamkia shikamoo, ila sauti yake ilipungua nyumbani kama maji ya ziwa wakati wa kiangazi.

Jioni moja, katika msimu wa mavuno ya alizeti, wajukuu walileta flashi iliyojazwa filamu katika duka moja la mjini, wakaichomeka nyuma ya televisheni. Tuliitambua filamu hiyo tangu muziki wa kwanza. Ilikuwa Disco Dancer, filamu ya Kihindi ya mwaka 1982 iliyoongozwa na Babbar Subhash, ambamo Mithun Chakraborty anaigiza kijana aitwaye Jimmy. Tuliitazama tulipokuwa masomoni Dar es Salaam katika miaka ya 1980, tukiwa tumepanga mstari wa tiketi tangu alasiri katika jua kali. Wajukuu walicheka suruali zinazometameta na mitindo ya nywele. Sisi hatukucheka.

Kwa wale wasioijua, kisa chake ni hiki. Mtoto maskini wa mitaa ya Bombay anayependa kuimba anasingiziwa na tajiri mmoja kwamba ameiba gitaa. Mama yake anajitwisha kosa hilo na kufungwa gerezani. Wakitoka hapo wanauhama mji kwa aibu. Miaka inapita, kijana anaonekana na meneja wa muziki akicheza barabarani, anakuwa mwimbaji mashuhuri, na anampenda Rita, ambaye ni binti wa tajiri yule yule. Tajiri anaona heri kuua kuliko kuupokea ukwe wa namna hiyo. Analitega gitaa la kijana kwa umeme. Mama anagundua hila, anakimbia kumwokoa mwanawe, analishika gitaa yeye, anakufa mbele ya macho yake. Tangu hapo kijana hawezi hata kuligusa gitaa.

Sebuleni tulikuwa na mgeni. Shangazi yetu, mwenye umri wa miaka zaidi ya 80, alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho. Hakuona vizuri kioo cha televisheni wala hakujua neno la Kihindi. Mjukuu mmoja alimsimulia sikioni kila kilichotendeka. Ilipofika pale mama anapolishika gitaa, tulijikuta tunatoa kitambaa na kufuta macho. Tuliona haya kidogo, kwa maana mzee mzima halii mbele ya wajukuu kwa ajili ya picha.

Binti yetu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Akauliza kwa upole, "Baba, unamlilia nani?"

Hatukuwa na jibu. Aliyejibu ni shangazi, akiwa ameugeuzia uso wake ukuta: "Anamlilia mtu wa Bara Hindi. Wa Singida akija, huambiwa atapelekewa habari."

Usiku ule hatukulala mapema. Tulijiuliza jambo ambalo sasa tunapenda kulieleza kwa upana, kwa sababu si la nyumba yetu peke yake. Inakuwaje watu walewale wanaomshangilia mwanamuziki maskini katika kioo wamfungie mlango anapokuja na mshenga?

Jambo la kwanza ni kwamba mapenzi yetu kwa hadithi hizi ni ya zamani. Filamu za Kihindi zilipendwa katika miji yetu ya pwani na bara tangu kabla ya Uhuru. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, inamhusu kijana wa mitaani anayempenda mwanasheria. Bobby, ya mwaka 1973, inamhusu mtoto wa tajiri na binti wa familia ya mvuvi. Watu hawakuhitaji kujua lugha. Walielewa mara moja baba mkali, mahari, jina la ukoo, aibu ya umaskini na hofu ya majirani watasema nini. Mambo hayo yalikuwa yetu kabla ya sinema kuja.

Na kama ni kisa cha mwanamuziki aliyedharauliwa kwa ajili ya asili yake, hatukuwa na haja ya kukitafuta Bombay. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya watu wa hali ya chini, akatembeza vyungu akivinadi kwa sauti. Walikuwako waliomcheka kwa sura yake na kwa nasaba yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikavuma pwani yote. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kuandikiwa kitabu, akaandika wasifu wake. Huyu hakuwa mtu wa kubuniwa. Alifariki mwaka 1950, na hadi leo hakuna mazungumzo ya taarabu yanayokamilika bila jina lake. Hata hivyo wangapi kati ya wale walioukusanyikia ukumbi wake wangekubali kumpa mwana wao amwoe?

Jambo la pili ni historia ya kazi yenyewe. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoihutubia nchi akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wengi tulikuwa hodari wa rumba na chachacha, lakini hatukujua gombe sugu, mangala, kiduo wala lelemama. Miaka iliyofuata, mwanamuziki alipata mahali pake katika Taifa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, na baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Jeshi la Kujenga Taifa, Polisi na vijana wa chama nao walikuwa na bendi zao. Mpiga gitaa katika bendi hizo alikuwa mfanyakazi. Alikuwa na mwajiri na mshahara, hata kama ni mdogo. Mshenga wake alipoulizwa kazi, alikuwa na la kujibu.

Tusijidanganye kwamba mambo yalikuwa mazuri. Wanamuziki wengi waliovuma nyakati hizo walizeeka katika shida. Mwaka 2013 Taifa zima lilishuhudia Diamond Platnumz, kijana wa kizazi kipya, akimzawadia gari Mzee Muhidini Gurumo, aliyekuwa katika NUTA Jazz tangu mwanzo wake. Ilikuwa heshima njema na wengi tulifurahi. Lakini ilitupasa pia kujiuliza: mtu aliyeimba kwa takribani miaka 50, ambaye sauti yake ilijaza kila nyumba yenye redio, imekuwaje angoje hisani ya kijana? Gurumo alifariki mwaka uliofuata. Hakimiliki ilikuwa imetungiwa sheria mpya mwaka 1999, lakini kutunga sheria ni jambo moja, na fedha kumfikia mtunzi mfukoni ni jambo lingine.

Jambo la tatu ni televisheni yenyewe. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, kwa kuwa serikali iliona chombo hicho ni cha gharama kubwa na kingewafaa wachache wenye uwezo. Kilipokuja, kilikuja pamoja na soko huria. Michezo ya kikundi cha Kaole, kama Mambo Hayo katika ITV mwishoni mwa miaka ya 1990, iliwakusanya majirani katika nyumba yenye seti moja. Mwaka 2003 ilitoka filamu iliyoitwa Girlfriend, ambayo jina lake la pili lilitaja maisha na muziki, chini ya uongozi wa George Tyson. Humo aliigiza TID, mwimbaji wa kizazi kipya ambaye wimbo wake uitwao Zeze ulikuwa umekwisha kujulikana nchini, pamoja na Yvonne Cherrie, maarufu kwa jina la Monalisa. Vijana waliona kwa mara ya kwanza watu wa rika lao, wanaosema Kiswahili chao, wakipewa nafasi ile ile ambayo zamani ilikuwa ya Raj Kapoor na Mithun.

Tunautaja mwaka 2003 kwa sababu nyingine pia. Mwishoni mwa mwaka huo alifariki Hukwe Zawose wa Dodoma, jirani yetu, mpigaji wa zeze na ilimba, aliyetoka katika jamii ya wafugaji na wakulima wa nchi kavu kama yetu, akafundisha Bagamoyo na kurekodi hadi Uingereza. Zeze lilikuwa limekuwa jina la wimbo wa mjini katika miaka ileile ambayo bingwa wake mkuu alikuwa anatuaga. Ni wachache waliolitambua jambo hilo.

Tamthilia nyingi zina kosa moja kubwa. Humtoa kijana katika umaskini kwa njia ya sifa. Leo yuko barabarani. Kesho yuko jukwaani, watu wanapiga vigelegele, na tajiri hana tena hoja. Kwa hiyo mtazamaji hafundishwi kumheshimu mwanamuziki maskini. Anafundishwa kumheshimu aliyekwisha kutajirika. Sisi wenyewe, tungaliambiwa kwamba aliyeleta barua ni mwimbaji anayeonekana katika televisheni, yamkini tungalimwita baada ya siku tatu. Kumbe tulichokuwa tukikikataa ni vitunguu vya mama yake. Gitaa lilikuwa kisingizio.

Asubuhi iliyofuata tulimkuta shangazi uani akiota jua. Tukakaa karibu naye, tukamwuliza maneno yake ya jana. Alikawia kujibu, kisha akatuambia habari ambayo katika miaka yetu yote hatukupata kuisikia. Ujanani mwake, kabla ya Uhuru, alikuja kijijini kijana wa Kigogo kutoka upande wa Manyoni, mchungaji wa kuajiriwa. Alikuwa na zeze. Jioni, baada ya kuingiza ng'ombe wa watu zizini, aliketi nje akapiga. Wawili hao walipendana. Kijana akatuma watu kwa babu yetu. Babu akauliza ng'ombe wangapi. Hakuwa hata na mmoja. Wote aliowachunga walikuwa wa wengine. Akafukuzwa, na shangazi akaolewa na mtu wa zizi kubwa.

"Alinitunza," akasema shangazi. "Sikulala njaa. Ila sikupata kuomba mtu anipigie zeze tena, maana ningeulizwa kwa nini."

Tukamwuliza kama alimlaumu baba yake. Akasema hapana, babu alihofu njaa, kwa sababu aliijua. Kisha akatuuliza, "Wewe, mwanangu, unahofu nini?"

Swali hilo lilitugusa kuliko filamu. Babu yetu aliishi katika nchi ambayo mvua ikikosa, ng'ombe ndio ghala. Kwake mahari ilikuwa dhamana: wale ng'ombe walifunga koo mbili, nao waliweza kuokoa watoto mwaka wa ukame. Hatumdharau. Lakini sisi, wenye pensheni na binti mwenye mshahara wake, tulikuwa tukilinda kitu gani? Tulikuwa tukilinda jina la watu waliofika. Tulihofu kuambiwa sokoni kwamba mwalimu ameozesha binti yake kwa mtoto wa muuza vitunguu. Azimio la Arusha tulilifundisha darasani, tukalisahihisha katika mitihani, tukawakata alama wanafunzi walioshindwa kueleza maana ya utu na usawa. Wiki ile, kama tungalisahihishwa sisi, tungalipata sifuri.

Tena sheria ya nchi iko wazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wanaooana, na haifanyi ndoa kuwa batili eti kwa sababu mahari haikulipwa. Binti yetu alikuwa na miaka 27. Angaliweza kwenda kwa mkuu wa wilaya au kanisani bila sisi. Hakwenda. Alingoja baba yake awe mtu mzima.

Tulimwita mshenga. Tulimwomba radhi kwa kuchelewa, naye, kwa ustaarabu wake, alisema hakuona kuchelewa. Ndugu zetu wawili wa ukoo walikuja na hasira wakitaka mahari iwe kubwa ili, kwa maneno yao, "kijana aonyeshe uanaume." Kikao kilikuwa kirefu. Mwisho tulikubaliana mahari isiyopita ile iliyotolewa na baba yetu kwa ajili ya mama yetu, ilipwe kidogo kidogo, na sehemu yake ibaki kwa vijana kuanzia maisha. Shangazi alitoa hoja moja tu: siku ya kuleta mahari, kijana aje na gitaa. Mmoja wa ndugu zetu alitoka nje. Baadaye alirudi, kwa sababu kuku walikuwa tayari.

Kijana akaja. Alipiga akiwa ameketi kwenye kigoda, kichwa kimeinama, vidole vinatetemeka mwanzoni. Mama yake alikaa mkekani pamoja na mwenzetu wa ndoa, mikono yake imekomaa kwa kazi, wala hakuinua macho mpaka wimbo ulipokwisha. Shangazi alisikiliza huku amefumba macho yale yaliyokuwa yakitibiwa. Hatukumwuliza alikuwa anasikia chombo gani.

Filamu huishia hapo. Sisi hatuna budi kuendelea, maana hatutaki kumdanganya msomaji. Vijana wale walioana, nao wanaishi katika vyumba viwili vya kupanga. Kuna miezi ya harusi nyingi na kuna miezi mikavu. Wapo watu wenye magari makubwa wanaomwita kijana apige mpaka usiku wa manane, kisha wakamwambia apite kesho kuchukua chake, na kesho ikawa haifiki. Mshahara wa muuguzi ndio unaoshika nyumba nyakati hizo, na ndugu wa ukoo hawaachi kutukumbusha. Nasi usiku mwingine tunahofu. Lakini sasa tunajua hofu yetu ni ya nini: ni hofu ya mzazi kwa maisha ya watoto wake, wala haina aibu ndani yake.

Utamaduni wa Taifa hatuutunzi kwa kuhifadhi zeze katika kabati la makumbusho peke yake, wala kwa kuwapigia makofi waimbaji siku ya sherehe. Tunautunza tunapomlipa mpigaji siku ile ile aliyopiga. Tunautunza mshenga anapokuja kwa niaba ya mtoto wa muuza vitunguu, nasi tukamjibu kwa wakati, iwe ndiyo au hapana, kwa sababu za kweli tunazoweza kuzitamka mbele ya binti yetu. Tamthilia zitaendelea kuja, za Kihindi, za Kichina, na za kwetu wenyewe, nasi tutaendelea kulia. Hakuna ubaya katika machozi hayo. Ila jirani akibisha hodi katikati ya filamu, na tuizime televisheni kidogo, twende tukamsikilize.